Somo wetu ni Perpetua na Felisita: tusome nini siku yao?

*Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya Watakatifu Perpetua na Felisita. Kila tarehe 7 Machi tunasherehekea somo wetu, yaani watakatifu wasimamizi wetu, na kila mwaka mtu anasoma wasifu ule ule wa nusu ukurasa uliotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Tumesikia kwamba Wakristo wa kwanza waliandika wenyewe habari za watakatifu hawa. Je, maandishi hayo yapo? Sisi waumini wa kawaida tunaweza kuyasoma na kuyatafakari? Na tutatofautishaje habari ya kweli na hadithi? Jirani zetu wa jumuiya ya Mtakatifu Anna na ya Mtakatifu Monika nao wanauliza hivyo hivyo.*

Milele amina, Mama Katibu.

Yapo, na ninyi mmebahatika kuliko jumuiya nyingi, kwa sababu Perpetua aliandika mwenyewe. Watakatifu wengi wa karne za kwanza tunawajua kwa kalamu za watu wengine, na mara nyingi waandishi hao walizaliwa wakati watakatifu wenyewe wameshakufa zamani. Perpetua aliandika akiwa gerezani Karthago, mji ambao magofu yake leo yako kando ya Tunis, na anaishia hapa: haya nimeyaandika mpaka siku moja kabla ya michezo (yaani maonyesho ya uwanjani ambako waliohukumiwa walitupiwa wanyama wakali), yatakayotokea kwenye michezo yenyewe, anayetaka na aandike. Kesho yake, 7 Machi mwaka 203, alitolewa uwanjani pamoja na wenzake.

Basi wasifu wa WhatsApp uacheni upumzike mwaka huu. Wasifu huwa unaeleza kwamba mtakatifu alikuwa jasiri, kisha basi. Maandishi yenyewe yanaonyesha alivyoogopa, nani alimlilia, mtoto alibaki na nani, na ujasiri ukaja saa ngapi. Hapo ndipo penye tafakari.

Kitabu chenyewe huitwa Mateso ya Perpetua na Felisita. Ni kifupi, sura 21 ndogo ndogo, na kwa sauti ya kawaida kinasomeka chote chini ya saa moja. Kina mikono mitatu ndani yake. Mwandishi asiyejitaja jina anafungua na kufunga. Sura ya 3 hadi ya 10 ni za Perpetua. Sura ya 11 hadi ya 13 ni maono ya Saturo, yule aliyewajenga katika imani, ambaye hakuwepo wenzake walipokamatwa, akajitoa baadaye ili awe nao. Waliokamatwa kwanza walikuwa watano, wote wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa: Perpetua, mwanamke wa miaka kama 22, wa ukoo wa heshima, msomi, mwenye mtoto anayenyonya, Felisita, mtumwa, mjamzito, Revokato, mtumwa mwenzake, pamoja na Saturnino na Sekundulo. Walibatizwa wakiwa tayari mikononi mwa askari. Sekundulo alifia gerezani kabla ya siku ya michezo. Mume wa Perpetua hatajwi popote, na wataalamu wamebuni mengi kujaza pengo hilo. Ninyi liacheni lilivyo.

Kwa jioni moja ya jumuiya msijaribu kumeza kitabu kizima. Chukueni sura ya 3, ya 5, ya 6 na ya 15. Sauti ya Perpetua isomwe na mwanamke, ikiwezekana mama kijana.

Sura ya 3 inaanza na baba yake kuja kumsihi aikane imani. Perpetua anamwonyesha chombo kilichokuwa pale chini, mtungi au kitu kama hicho. Baba, unakiona chombo hiki? Nakiona. Je, kinaweza kuitwa kwa jina lingine tofauti na kilivyo? Hapana. Basi na mimi siwezi kujiita kitu kingine ila nilivyo, Mkristo. Baba akamrukia kana kwamba anataka kumng'oa macho, kisha akaondoka. Siku chache baadaye wakaingizwa gerezani penyewe, na hapo Perpetua anakiri wazi kwamba aliogopa mno, maana hakuwahi kukaa katika giza la namna ile. Joto la msongamano wa watu, askari wakorofi, na juu ya yote wasiwasi wa mtoto. Mashemasi wawili, Tersio na Pomponio, wakawapa askari kitu kidogo ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache mahali penye nafuu. Ndiyo, mashemasi walihonga, na Perpetua anaandika jambo hilo bila kupepesa. Pale akamnyonyesha mtoto aliyekuwa amezimia kwa njaa. Baadaye akaruhusiwa kukaa naye humo gerezani, na anasema gereza likageuka ghafla kuwa jumba la kifahari, asitamani kuwa mahali pengine popote.

Sura ya 5 na ya 6 ndizo ngumu, na mimi nisingeziruka hata muda ukibana. Baba anarudi, mara hii hana hasira. Anamwomba ahurumie mvi zake, akumbuke alivyompenda kuliko kaka zake wote, amtazame mama yake na mtoto wake. Anambusu mikono, anajitupa miguuni pake, na kwa machozi anamwita "bibi" badala ya binti. Siku ya kesi anatokea tena mahakamani, amembeba mtoto. Hilariano, aliyekuwa akishikilia kazi ya liwali, naye anamwambia Perpetua awahurumie baba mzee na mtoto mchanga, atoe sadaka kwa ajili ya kaisari. Sitoi. Wewe ni Mkristo? Mimi ni Mkristo. Baba anaendelea kumng'ang'ania, na Hilariano anaamuru atupwe chini na kuchapwa fimbo. Perpetua anaandika kwamba aliumia kana kwamba yeye ndiye aliyechapwa. Hukumu ikatoka, wote waliwe na wanyama. Perpetua akamtuma shemasi Pomponio kumwomba baba mtoto anyonye. Baba akakataa kumtoa.

Mkifika hapo, najua kitakachotokea, kwa sababu hutokea kila ninapoisoma sura hii na akina mama. Mmoja atauliza: mama gani huyu anayemwacha mtoto? Tafadhali, mwenyekiti asimkatize. Perpetua hajitetei. Anachoandika ni kwamba, kwa mapenzi ya Mungu, mtoto hakutaka tena kunyonya na maziwa hayakumvimba, asije akateseka kwa wasiwasi wa mtoto na maumivu ya matiti. Inatosha kulisema swali lile kwa sauti na kukaa nalo. Kuna watu katika jumuiya zetu ambao wazazi wao waliwalilia hivyo hivyo walipotaka kubatizwa au kuingia utawa, na pengine hawajawahi kupata nafasi ya kulisimulia hilo mbele ya wenzao.

Sura ya 15 ni ya Felisita. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na sheria ilikataza kumwua mjamzito, kwa hiyo alihofia kwamba wenzake watatangulia na yeye atauawa baadaye pamoja na wahalifu. Wakasali pamoja, na uchungu ukamshika siku mbili kabla ya michezo. Alipolia kwa maumivu, mmoja wa walinzi akamkejeli: sasa unalia hivi, utafanyaje mbele ya wanyama? Akamjibu: "Sasa ninateseka mimi ninayoyateseka, lakini kule atakuwa mwingine ndani yangu atakayeteseka kwa ajili yangu, kwa kuwa na mimi nitateseka kwa ajili yake." Akajifungua mtoto wa kike, na dada mmoja Mkristo akamlea. Someni jibu hilo mara mbili, kisha nyamazeni kidogo. Haliongezewi maelezo.

Ndoto za Perpetua, yaani ngazi yenye silaha kando kando, mchungaji anayekama kondoo, kaka yake mdogo Dinokrate aliyekufa na miaka saba, na mieleka na Mmisri mmoja, zinafaa usiku wa mkesha, zisomwe zenyewe kwa utulivu. Zikichanganywa na kesi, watu hubaki na ndoto na kusahau kesi.

Swali lako kama muumini wa kawaida anaruhusiwa: Mama Katibu, hicho mnachotaka kufanya ni desturi ya Afrika yenyewe. Katika dhuluma ya mwaka 250, Sipriani, askofu wa Karthago, aliwaandikia mapadre wake waziandike tarehe ambazo waungamadini, yaani waliofungwa kwa kuikiri imani, walikufa gerezani, ili kumbukumbu zao ziadhimishwe pamoja na za wafiadini. Mwaka 397 maaskofu waliokutana Karthago walikataza kusoma kanisani, kwa jina la Maandiko Matakatifu, kitu kisicho Maandiko Matakatifu, kisha wakaongeza kwamba Mateso ya wafiadini yanaweza kusomwa siku ya kumbukumbu zao inapofika. Roma ilikuwa na tahadhari zaidi. Waraka mmoja wa kale unaeleza kwamba kule hawakuyasoma kanisani, kwa kuwa majina ya walioyaandika hayajulikani. Hotuba za Agostino siku ya Perpetua na Felisita bado tunazo, naye anawakumbusha waumini yale waliyotoka kuyasikia yakisomwa.

Huyo huyo Agostino alijua pa kuweka mpaka. Mtu mmoja alipotumia ndoto ya Dinokrate kama hoja ya mafundisho juu ya watoto wasiobatizwa, Agostino alimjibu kwamba kitabu hicho hakimo katika Maandiko Matakatifu. Kwa hiyo kwenye Misa masomo hubaki ya Biblia, na Padre anaweza kukinukuu katika mahubiri. Kwenye ibada ya jumuiya, novena au mkesha, someni kwa uhuru, mkitanguliza somo la Injili.

Angalieni pia kalenda. Tarehe 7 Machi karibu kila mwaka huangukia ndani ya Kwaresima, na katika Kwaresima kumbukumbu za watakatifu hupunguzwa, hivyo msishangae Misa ya asubuhi ikiwataja kwa sala moja tu. Paroko hajawadharau. Anayesali Kipindi cha Masomo, sehemu ya sala rasmi ya Kanisa ya kila siku, anaweza bado, baada ya somo la siku, kuongeza somo la watakatifu hawa, nalo limetolewa katika sura za mwisho za kitabu hiki hiki: Perpetua anavuta vazi lililochanika ajisitiri, anazifunga nywele zake ili asionekane mwenye kuomboleza, anamwona Felisita ameangushwa chini, anamwendea, anampa mkono na kumwinua. Mwanamke wa ukoo mkubwa na mtumwa, wamesimama pamoja. Mwishoni anauelekeza shingoni mwake mkono unaotetemeka wa yule kijana mwenye upanga.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa jumuiya yoyote yenye somo wa kale. Mwombeni paroko au masista wawaazime kitabu cha Liturujia ya Vipindi, mfungue tarehe ya somo wenu, msome somo la pili la Kipindi cha Masomo. Mara nyingi ni kipande cha maandishi ya kale kilichochaguliwa vizuri. Mkitaka maandishi yote, tafsiri za Kiingereza za karne ya 19 ziko bure kwenye intaneti. Kiingereza chake ni kizito, lakini mwalimu wa sekondari aliyemo jumuiyani hashindwi kuwafasiria kurasa mbili, na Padre azipitie kabla ya kusomwa.

Polikarpo, askofu wa Smirna, ambayo leo ni Izmir nchini Uturuki, anakumbukwa tarehe 23 Februari. Aliuawa katikati ya karne ya 2, na Kanisa lake likaandika barua kwa Kanisa la Filomelio kueleza ilivyokuwa. Hiyo ndiyo habari ya kale kabisa ya namna hii tuliyo nayo nje ya Biblia, na mimi naipenda kwa mambo yake madogo. Waliokuja kumkamata anaagiza waandaliwe chakula na kinywaji, yeye anaomba saa moja ya kusali, anasali mbili. Anapotakiwa amtukane Kristo, anajibu kwamba amemtumikia miaka 86 naye hajamtendea ubaya wowote, atamkufuruje Mfalme wake aliyemwokoa? Moto unapowashwa, unajipinda kumzunguka kama tanga la jahazi lililojaa upepo. Mtu wa Bagamoyo au Lamu haelezwi picha hiyo, na imetoka kwa waandishi wenyewe. Ndani ya barua hiyo hiyo waumini wanaeleza kwamba wameikusanya mifupa yake na kwamba watakutana kwa furaha kila mwaka kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa, yaani siku aliyouawa. Jirani mlokole akiwauliza kwa nini mnaabudu watakatifu, jibu limo humo, lina umri wa zaidi ya miaka 1,800: Kristo tunamwabudu kwa kuwa ni Mwana wa Mungu, wafiadini tunawapenda kama wanafunzi na waigaji wa Bwana.

Barua hiyo inanipa pia mfano wa kujibu swali la kweli na hadithi. Katika nakala zilizotufikia, Polikarpo anapochomwa upanga anatoka njiwa. Eusebi, mwanahistoria wa karne ya 4, alinakili sehemu kubwa ya barua hiyo, na kwake njiwa hayumo. Wengi tunaona kwamba aliongezwa na mnakili. Barua haikosi uzito kwa sababu ya njiwa mmoja, ila huyo njiwa msimjengee tafakari.

Mimi hujiuliza kwanza nani anaandika, na alikuwa karibu kiasi gani. Kisha naangalia kama mtakatifu ana udhaifu wowote. Barua ya Smirna inamtaja Kwinto, aliyejipeleka mwenyewe kwa watesi na kuwashawishi wengine, kisha alipowaona wanyama akakana, na waandishi wanasema waziwazi kwamba hawawasifu wanaojipeleka. Mtunga hadithi asingeacha aibu kama hiyo. Kinyume chake, mfiadini anapotoa hotuba ndefu isiyo na kigugumizi, moto unazimika, panga zinavunjika na mfalme anageuka punda, mnasoma simulizi iliyotungwa kuburudisha. Tuhuma hiyo si ya wasomi wa leo tu. Tertuliani, mtu wa Karthago aliyeishi zama za Perpetua, anaeleza kwamba padre mmoja wa Asia aliyetunga kitabu cha Paulo chenye habari za Tekla, mwanamke anayesimuliwa kuwa mfuasi wa Paulo, alikiri alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo, akaondolewa katika cheo chake.

Hapo jumuiya ya Mtakatifu Anna inaingia. Biblia haimtaji Anna wala mumewe Yoakimu, wazazi wa Bikira Maria. Majina yao na habari ya utasa wao yanatoka katika kitabu cha karne ya 2 kinachojulikana kama Injili ya Yakobo, ambacho Kanisa halikukipokea katika Biblia. Msikitupe, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha jinsi Wakristo wa mapema walivyompenda Maria na wazazi wake, na baadhi ya sikukuu zetu zimekua kutokana nacho. Lakini msikisome kama ushuhuda wa aliyekuwepo. Siku yao, 26 Julai, mimi ningechukua hotuba ya Yohane wa Damasko, ya karne ya 8, ambayo Kipindi cha Masomo kinaitumia. Si ya kale sana, lakini inajua inachofanya: inawasifu wazazi kwa tunda lao.

Mkipata nafasi mwezi huo huo wa Julai, tarehe 17, someni kesi ya wafiadini wa Sili, mahali pa Afrika ya Kaskazini, walioletwa mbele ya liwali Saturnino huko Karthago mwaka 180. Ni ya dakika tano, karibu yote ni maswali na majibu. Liwali anauliza mna nini kwenye sanduku lenu, na Sperato, mmoja wao, anajibu: vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Wanapewa siku 30 za kufikiri, wanakataa. Yanasomwa majina yao 12, nao wanajibu: Tumshukuru Mungu. Ni hao, pamoja na wafiadini wa Karthago, ambao Papa Paulo VI aliwakumbuka alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mahubiri hayo ndiyo somo la Kipindi cha Masomo tarehe 3 Juni. Jumuiya za Karoli Lwanga zikisoma kesi ya Sili usiku wa mkesha na mahubiri hayo asubuhi, hazitahitaji mhubiri mgeni.

Akina Monika wana kazi nyepesi kuliko wote. Mwanaye Agostino aliandika kifo chake katika kitabu cha 9 cha Maungamo. Tarehe 27 Agosti someni sura ya 10 na ya 11: mama na mwana wameegemea dirisha huko Ostia wakizungumza juu ya uzima wa milele, na siku chache baadaye homa inampata. Monika alikuwa ameshajiandalia kaburi kando ya mumewe huko Afrika, na kwa muda mrefu alilijali sana. Sasa anawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao. Ombi lake ni moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Waambie wanajumuiya waje siku hiyo na majina ya marehemu wao yameandikwa, na nia ya Misa iwe imeshapelekwa ofisi ya parokia mapema, maana mwishoni mwa Agosti nafasi hujaa.